Khutba ya Ijumaa: Matumaini ya Muumini Baada ya Uchaguzi Uliovunja Moyo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, ambaye ufalme Wake hauna mwanzo wala mwisho, wala hapana anayeshirikiana Naye katika hukumu Yake. Tunamshukuru kwa neema tunazozijua na tusizozijua. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Mtume mwaminifu, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyeshika mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Msafiri hana masurufu yaliyo bora kuliko hayo, na sote ni wasafiri.

Ndugu zangu Waislamu, ipo huzuni ambayo huingia katika nyumba zetu kila baada ya miaka mitano. Haiji na jeneza wala na homa, lakini mwenye kuingiwa nayo hupoteza hamu ya chakula, hukosa usingizi, na humtazama jirani yake kwa jicho ambalo jana hakuwa nalo. Hiyo ni huzuni ya uchaguzi. Leo tunataka kuieleza huzuni hiyo kwa jina lake, tutazame dini yetu inasema nini juu yake, na tujue muumini afanye nini asubuhi ya pili baada ya kutangazwa matokeo yaliyomvunja moyo.

Nasema tangu mwanzo, ili asikae mtu kungojea: khutba hii haikuja kusema nani alishinda na nani alishindwa. Mimbari ni ya Mwenyezi Mungu, na wanaokaa mbele yake ni watu wa vyama vyote. Lakini mimbari haiwezi kunyamaza pale nyoyo za Waislamu zinapougua.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, huzuni hii katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba ina umri mkubwa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1957, na zama zilizofuata mpaka mwaka 1963 wazee wetu waliziita zama za siasa. Waliozishuhudia walitusimulia jinsi watu walivyosusiana madukani, katika magari ya abiria, visimani, na hata katika maziko. Mwezi wa Juni mwaka 1961 uchaguzi ulimalizikia katika fujo zilizoua watu 68. Viliporudi vyama vingi, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulitangazwa kwa tofauti ya kura zisizofika elfu mbili baina ya wagombea wawili wa urais, na nchi ikagawanyika nusu kwa nusu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000 yakaja maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, watu wasiopungua 30 wakauawa, na wengine kiasi cha elfu mbili wakakimbia kwa vyombo vya baharini mpaka Shimoni, Kenya. Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipiga kura, na siku tatu baadaye, tarehe 28, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatangaza kuwa uchaguzi wote umefutwa. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, na chama kikubwa cha upinzani kikaususia. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2025, katika uchaguzi mkuu wa Jamhuri ya Muungano, fujo na mauti vilitokea Tanzania Bara, ikatangazwa marufuku ya kutoka usiku mjini Dar es Salaam, na intaneti ikazimwa, hata mama akakaa siku nyingi hajui mwanawe yu hai au amekufa.

Siyataji haya ili kufukua makaburi. Nayataja kwa sababu anayesema kwamba watu hawana sababu ya kuhuzunika hasemi kweli, na daktari asiyekubali kuwa mgonjwa anaumwa hawezi kumtibu.

Ndugu zangu, wanafunzi wetu katika vyuo huuliza maswali baada ya darsa, na safari nyengine swali huulizwa kwa uchungu. Kijana mmoja alisema: "Sheikh, tulifunga, tuliomba dua, tulisimama kwenye mstari tangu alfajiri, tukatia kura zetu kwa amani, kisha tukaona kama tuliokuwa tukitia maji katika pakacha. Dua zetu zilikwenda wapi? Na kwa nini tuamke tena siku nyengine?" Swali hili halina ukafiri ndani yake. Ni swali la moyo uliochoka, na moyo uliochoka hujibiwa kwa upole.

Jibu la sehemu ya kwanza ni kuwa dua haipotei. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu aombapo dua isiyokuwa na dhambi wala kukata udugu, Mwenyezi Mungu humpa moja katika mambo matatu: humpa alichokiomba upesi, au humwekea akiba ya Akhera, au humwepusha na shari iliyo mfano wa kheri aliyoiomba. Na jambo ambalo mwanadamu analijua vizuri zaidi ni lile lililomkosa. Lile aliloepushwa nalo halioni, kwa hivyo halihesabu.

Kisha tujue kwamba kupata madaraka si dalili ya kupendwa na Mwenyezi Mungu, na kuyakosa si dalili ya kuchukiwa Naye. Firauni alikuwa na kiti cha enzi ilhali Nabii Musa (A.S.) alikuwa akichunga mbuzi Madyan. Siku za ushindi na za kushindwa Mwenyezi Mungu huzizungusha baina ya watu, kama alivyowafahamisha Masahaba baada ya vita vya Uhud, ili ajulikane mkweli wa imani na ajulikane mwenye kumwabudu Mungu kwa sharti. Basi aliyeshinda asijione walii, na aliyeshindwa asijione amelaaniwa.

Ama sehemu ya pili ya swali, kwa nini tuamke tena, jibu lake limo katika kisa cha Nabii Yaqub (A.S.). Mzee huyu alipotewa na mwanawe Yusuf kwa miaka mingi, kisha akapotewa na mwanawe wa pili, macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Lakini tazameni alichowaambia wanawe katika hali hiyo. Kwanza aliwaamrisha waende, wakatafute habari za Yusuf na nduguye, na baada ya hapo ndipo alipowakataza kuikatia tamaa rehema ya Mwenyezi Mungu, akawajulisha kwamba kukata tamaa hiyo ni sifa ya makafiri. Angalieni mpango wa maneno yake, ndugu zangu: safari imetangulia, katazo limefuata. Yaqub hakuwaambia wanawe wakae kitako watumaini. Tumaini katika dini yetu lina miguu, na mwenye kusema anatumaini ilhali hanyanyuki alipokaa, huyo anatamani tu.

Na katika Sira ya Mtume wetu (S.A.W.) ipo siku ambayo Waislamu walivunjika moyo kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Nayo ni siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra.

Walitoka Madina watu kiasi cha 1,400, wamevaa ihramu, wamechukua wanyama wa kuchinja, nia yao ni Umra. Walikuwa na yakini kwamba wataingia Makka, kwani Mtume (S.A.W.) aliwaelezea ndoto yake. Walipofika Hudaybiya, karibu na Makka kabisa, Makureshi wakawazuia. Ukaandikwa mkataba, na kila sharti lake lilikuwa zito kulimeza. Mwaka huu warudi bila ya kuiona Al-Kaaba. Mwaka ujao waje kwa siku tatu tu. Atakayetoka kwa Makureshi kuja kwa Mtume bila ya idhini ya walii wake arejeshwe, lakini atakayetoka kwa Mtume kwenda kwa Makureshi asirejeshwe. Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi, akakataa hata kuandikwa cheo cha utume mbele ya jina la Muhammad (S.A.W.). Sayyidna Ali (R.A.) hakuweza kukifuta kwa mkono wake, na Mtume mwenyewe akakifuta. Kisha akaja Abu Jandal, mtoto wa Suhayl huyo huyo, Muislamu aliyetoroka kifungoni, anaburura minyororo yake, naye akarejeshwa mbele ya macho ya watu 1,400.

Sayyidna Umar (R.A.) hakuweza kujizuia. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwuliza kama wao si wenye haki, na ikiwa ndivyo, kwa nini wakubali unyonge katika dini yao. Mtume hakumkemea wala hakumwita mwasi. Alimjibu kuwa yeye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, hamwasi Mola wake, Naye ndiye atakayemnusuru. Na alipowaamrisha watu wachinje na wanyoe, hapana aliyenyanyuka, kwa uzito wa huzuni. Hapo Mama wa Waumini, Ummu Salama (R.A.), akatoa shauri: Mtume atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Akafanya hivyo, na watu walipomwona wakasimama wote wakachinja.

Masahaba walirudi njia ya Madina wameinamisha vichwa, na njiani humo ikateremka sura ambayo jina lake ni Ufunguzi, yaani Al-Fat'h. Mwenyezi Mungu aliita ushindi siku ile ile ambayo wao waliiona ya kushindwa. Basi kilichofunguliwa ni nini? Si ngome wala si hazina. Ilifunguliwa njia ya watu kuonana. Vita vilipotua, watu wa Makka na wa Madina wakatembeleana, wakafanya biashara, wakazungumza bila ya panga baina yao, na kila mwenye akili aliyesikiliza akafahamu. Wanazuoni wa Sira wametaja kwamba walioingia katika Uislamu ndani ya miaka miwili ile walikuwa kama waliosilimu miaka yote ya nyuma, au zaidi. Waliokwenda Hudaybiya walikuwa 1,400, na walioingia Makka na Mtume mwaka wa 8 walikuwa 10,000.

Ndugu zangu, tuchukue mafunzo matatu katika siku hiyo. La kwanza, Muislamu anaruhusiwa kuhuzunika, na anaruhusiwa kuuliza kwa adabu kama alivyouliza Umar. Mwenye mamlaka anayekasirika kwa kuulizwa hakufuata mwendo wa Mtume (S.A.W.). La pili, Mtume alikubali lifutwe neno karatasini, lakini hakuuacha utume wake. Ukweli haufutiki kwa kufutwa maandishi yake. La tatu, dawa ya huzuni ya umma ilitoka kwa mwanamke mwenye busara, ndani ya hema, na ilikuwa ni kuanza kufanya kazi iliyo mbele yao. Enyi kina mama mnaotusikiliza, jueni nafasi yenu. Neno la mama mezani, usiku wa matokeo, huweza kumtoa mtoto nyumbani na kisu, na huweza kumrejesha kitandani.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, pengine atasema msemaji: hayo yalikuwa ya Mtume, na wahyi ulikuwa ukiteremka, sisi tunao mfano gani? Nasema unao mfano katika nchi yako, na wengi wetu tuliuona kwa macho yetu.

Baada ya chaguzi tatu za majeraha, na baada ya miafaka ya mwaka 1999 na 2001 ambayo haikuleta utulivu uliotarajiwa, wengi walikwisha kusema kwamba Wazanzibari hawapatani mpaka Kiyama. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, watu wawili ambao wafuasi wao walikuwa hawapeani mkono. Maridhiano yale yaliwashangaza hata walio karibu nao. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa, na uchaguzi wa Oktoba 2010, ingawa tofauti ya wagombea ilikuwa ndogo mno, ulipita bila ya damu. Mwaka ule watu walirudi kuposana, kuzikana, na kukaa baraza moja.

Najua mtasema: mbona mwaka 2015 yaliharibika tena? Ni kweli, yaliharibika. Na baada ya marudio ya mwaka 2016 tulisikia habari za kusikitisha, khasa Pemba: kususiana madukani, kukataa kuzikana, na mazao na mikarafuu ya watu kukatwa. Lakini mwaka 2020, baada ya uchaguzi mwengine uliojaa machungu na vifo, mwezi wa Disemba Maalim Seif alikubali kuingia tena katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wako waliomlaumu, na wako waliomsifu. Alipofariki dunia tarehe 17 Februari 2021, viongozi wa chama chake na wa chama alichoshindana nacho walisimama pamoja mbele ya jeneza lake. Lile lililofanywa mwaka 2009 lilivunjwa, lakini halikupotea. Watu walikwisha kujua kuwa linawezekana, na kitu kilichowezekana mara moja hakiitwi tena muhali.

Basi tumaini la muumini si kuamini kwamba chama chake kitashinda mara ijayo. Hilo huenda likawa na huenda lisiwe. Tumaini la muumini ni yakini kwamba Mwenyezi Mungu haupotezi wema wa mtenda wema, na kwa hivyo anaendelea kuutenda hata asipouona mwisho wake. Kura inaweza kuhesabiwa vibaya. Salamu yako kwa jirani yako haihesabiwi na Tume. Inahesabiwa na Malaika.

Ndugu zangu, kwa kuwa tumaini lina miguu, nataka nimwambie kila mmoja wetu njia yake.

Neno la kwanza ni kwa aliyeshinda. Usitembee mbele ya nyumba ya aliyehuzunika ukipiga ngoma na kutoa maneno ya kejeli. Mtume (S.A.W.) aliingia Makka siku ya ushindi wake ameinamisha kichwa juu ya ngamia wake kwa unyenyekevu, akawasamehe waliomfukuza. Ushindi wako ni dhamana utakayoulizwa, na wa kwanza kukudai Siku ya Kiyama ni yule ambaye hakukuchagua, kwani na yeye ni raia wako.

Neno la pili ni kwa wale waliopewa kazi ya kuandikisha, kusimamia, kuhesabu na kutangaza. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameeleza kwamba kura ni ushahidi, na kwamba anayeichukua amebeba amana. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Na Mtume (S.A.W.) ametaja ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa, akaukariri mpaka Masahaba wakatamani anyamaze. Karatasi moja uliyoificha ni haki ya mtu mmoja, na haki ya mja haisamehewi mpaka mwenyewe asamehe. Utampata wapi maelfu ya watu kwa jina, mmoja mmoja, uwaombe radhi?

Neno la tatu ni kwa aliyeona kuwa amedhulumiwa. Dini haikukwambia unyamaze. Kusema neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kumo katika jihadi bora, kwa mafundisho ya Mtume wetu. Peleka malalamiko yako kwa njia za sheria, andika, sema, toa ushahidi, dai katiba na tume zitengenezwe, na usichoke. Lakini jihadhari na jambo moja: dhulma uliyofanyiwa isikufundishe kudhulumu. Mwenyezi Mungu ametukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki ya watu. Muuza duka wa jirani hakufuta kura yako. Mtoto wake anayetumwa kununua mafuta ya taa hakutangaza matokeo. Na Sayyidna Abubakar (R.A.) alipotuma majeshi kwenda Sham aliyakataza kukata miti yenye matunda, na hiyo ilikuwa vita. Basi anayekata mkarafuu wa Muislamu mwenziwe usiku kwa sababu ya rangi ya bendera, amejiruhusu jambo ambalo jeshi halikuruhusiwa kwa adui.

Neno la nne ni kwetu sote. Mtume (S.A.W.) ametaja haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe: kumrudishia salamu, kumzuru akiwa mgonjwa, kulifuata jeneza lake, kuitikia mwaliko wake, na kumwombea anapopiga chafya na kumshukuru Mungu. Tafuteni katika haki hizo, hamtaona mahali paliposemwa: ikiwa ni wa chama chako. Wala si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wa wawili hao ni anayeanza kutoa salamu. Siku tatu, ndugu zangu! Na sisi tuna watu ambao hawajasemezana tangu mwaka 1995. Wamezeeka, watoto wao wameoa na kuolewa, na wengine wameingia kaburini na kauli zao hazijarudiana. Tutamwambia nini Mola wetu? Tutasema tulikatana udugu kwa ajili ya watu ambao wao wenyewe hukaa meza moja wakanywa chai?

Na neno la mwisho ni kwako wewe kijana, mwanafunzi, uliyesema hutaamka tena. Nchi yetu ni nchi ya mikarafuu, na babu zetu walituachia fundisho ndani ya mti huo. Mkarafuu haukupi mavuno mpaka ipite miaka sita, saba, au zaidi. Maana yake ni kwamba anayeupanda leo, uchaguzi ujao utakuja na utapita naye hajachuma hata kikonyo kimoja. Lau babu zetu wangelihesabu kwa miaka mitano mitano, asingelipanda mtu, na milima ya Pemba ingelikuwa magugu. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Kiyama kikisimama, na mkononi mwa mmoja wetu umo mche, basi akiweza kuupanda aupande. Hakuna siku inayovunja moyo kuliko hiyo, na hata siku hiyo hatukupewa ruhusa ya kutupa mche.

Basi panda. Soma sheria, nchi inahitaji mahakimu waadilifu. Soma hesabu, kwani nchi inahitaji wahesabuji waaminifu. Soma uandishi, nchi inahitaji wasemao kweli. Mfundishe mdogo wako kwamba aliye na rai nyengine si adui. Na uchaguzi utakapokuja, amka alfajiri, sali, kisha nenda katoe ushahidi wako, kwani shahidi hulaumiwa kwa kuuficha ushahidi wake, hasailiwi namna kadhi alivyohukumu.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakupeni kazi moja ya wiki hii, iwe ndiyo tunda la khutba. Kila mmoja wetu anamjua mtu mmoja aliyeacha kusema naye kwa sababu ya siasa. Huenda ni jirani, huenda ni mjomba, huenda ni mtu aliyesoma naye skuli. Kabla ya Ijumaa ijayo, mwende. Usiende kujadili nani alishinda. Mpe salamu, muulize hali ya watu wa nyumbani, na kama ana mgonjwa mzuru. Akikufungulia mlango, mshukuru Mungu. Asipokufungulia, ujira wako umekwisha kuandikwa, na wewe ndiye uliyetangulia.

Ewe Mola wetu, tunakuomba Uziunganishe nyoyo zetu. Warehemu wote waliouawa katika fujo za uchaguzi, wa Unguja na wa Pemba na wa Bara, wa kila chama na wasiokuwa na chama. Wape subira wazazi wao, wajane wao na mayatima wao. Waongoze viongozi wetu katika uadilifu, na Uwape washauri wanaowaambia ukweli. Wadhulumiwa Wape haki yao pasi na wao kudhulumu. Vijana wetu Waepushe na kukata tamaa, na Uwajaalie wapandaji wema ambao Wewe ndiye Mvunishaji.

Mrehemuni aliye duniani, atakurehemuni aliye mbinguni. Simameni kwa Sala, zinyosheni safu zenu, na aliye kulia kwako, yeyote awaye, sogeleana naye bega kwa bega.